Glasi ya Len

Napier, New Zealand
14 Juni 1975

Mpendwa Noreen,

Watu wengi wanaoandikiana baada ya kimya kirefu hufanya kosa moja: huanza kwa kukieleza kimya chenyewe. Hujaza kurasa tatu za udhuru, na wanapofika kwenye salamu wino umekwisha na msomaji amechoka. Sisi tumenyamaziana karibu miaka kumi na sita. Tukiache kimya hapo kilipo, tuanze na salamu.

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuniamkia. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo yananikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sitini na tisa. Huku sasa ni baridi, wakati ninyi mnavaa nguo nyepesi. Nilistaafu ualimu miaka mitatu iliyopita, na bado nikiona mtoto amekosea ramani mkono unatafuta chaki. Nisalimie binti yako Gail. Nahesabu kwamba Agosti anatimiza kumi na sita, na sijawahi kumtia machoni. Nisalimie pia wifi yangu Ada. Hukusema lolote juu yake. Anatembea? Anakula vizuri?

Nimesoma kadi yako mara nyingi, ingawa ina mistari mitano tu. Kwamba boti za uvuvi zinahamishiwa gati jingine nilikwisha kusikia. Kwamba wenye jengo hawatawapa mkataba mpya, na kwamba baa yetu, Taa ya Spurn, itafunga mlango Jumamosi ya kwanza ya Novemba, hilo sikulitegemea. Babu yangu alimimina bia pale, na baba yangu, na kaka yangu Alf, baba yako, na wewe. Najua kila kigae cha ukuta ule. Najua kile kilichopasuka nyuma ya dirisha la kichumba cha wanawake, kwa sababu ni mimi niliyekipasua, kwa kiatu, nikiwa na miaka tisa.

Unauliza kama nitakuja siku ya mwisho. Safari ni ndefu, na magoti ndiyo hayo. Afadhali nisiahidi.

Shangazi yako,
Winifred


Hull
5 Julai 1975

Shikamoo Shangazi Win,

Barua yako imefika salama. Nilidhani hutajibu. Nilimwambia Gail, "Tusubiri mpaka vuli, asipojibu basi." Gail hajambo, amekuwa mrefu kunizidi, ana midomo kama ya baba yake akitaka kucheka. Mimi sijambo. Mama yupo. Ana miaka sabini na tatu na mikono imekakamaa, ile mikono iliyosuka nyavu miaka thelathini. Anakaa juu chumbani, hashuki baa. Anakula kidogo kidogo.

Baa ni ile ile. Mwanga unaingia kwa vipande kupitia vioo vyenye mapovu, moto wa makaa ya mawe tunawasha hata Juni, sababu wazee wanataka. Lakini wazee ndio waliobaki peke yao. Zamani boti ikitia nanga vijana walijaa hapa kwa siku zao tatu za nchi kavu, wamevaa suti za samawati, teksi inanguruma nje kutwa nzima. Sasa nina Cawood na kiti chake, Bibi Ivy na dirisha lake, na wengine kama kumi.

Nilipowaambia tunafunga, Cawood akagonga kaunta. "Mimi sasa nitakunywea wapi? Kanisani?"

Ivy akamjibu bila kugeuka: "Kanisani watakutoa kabla hujakaa."

"Wewe ndio usiseme. Wewe Mungu mwenyewe akikuona anavuka barabara."

Tukacheka. Halafu mimi nikafanya kosa. Nikasema nimemwandikia Shangazi Win, labda atakuja siku ya mwisho. Ivy akaweka ramu yake chini. Unajua mwanawe Ronnie alikuwa kwenye boti moja na Len wangu, baba yake Gail. Akasema taratibu kabisa, "Mwache huko huko aliko. Aliwaosha wanaume ishirini."

Gail alikuwa mlangoni na sahani za katlesi za viazi. Usiku akaniuliza kuwaosha wanaume maana yake nini. Ilibidi nimweleze. Nikamwambia: hapa mwanamume akienda baharini, glasi aliyonywea mwisho haioshwi siku hiyo. Inawekwa rafuni na uchafu wake mpaka kesho yake, boti ikishapita rasi ya Spurn kuingia bahari kuu. Ni kama nguo, hatufui siku ya safari. Ukiosha, umemwosha yeye, bahari imchukue. Nikamwambia baba yake alisafiri Jumamosi moja ya Januari, wiki tatu baadaye boti yao, Skeffling, ikapotea kaskazini ya Iceland na watu wote ishirini. Wanawake wakakumbuka kwamba siku ya safari glasi ya Len haikuwahi kuwekwa rafuni. Ilikuwa kabatini, inang'aa. Na shangazi yangu, mwalimu, aliyekuwa akiwacheka kwa mambo hayo, akasema yeye ndiye aliyeiosha.

Gail akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana hatuna shangazi?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, tumbo ndio kwanza linaanza. Nilikuchukia, Shangazi. Baba alipofariki uliandika barua nzuri, mimi nikakutumia kadi ya dukani. Sasa jengo linakwenda na ninataka kujua kabla halijaondoka. Kweli ulifanya? Na kama ulifanya, ulifanya makusudi, kutuonyesha kwamba sisi ni wajinga?

Noreen


Napier
19 Agosti 1975

Mpendwa Noreen,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika tarehe kumi na tano Julai, na huu ni mwanzo wangu wa saba wa kuijibu. Magoti yametulia. Jirani ameniletea malimau kapu zima, nimepika jamu mpaka nyumba nzima inanuka. Heri ya kuzaliwa kwa Gail. Namtumia atlasi yangu ya darasani. Kurasa za bahari ya kaskazini zimechakaa kuliko nyingine, asishangae.

Kuhusu swali lako, nataka kwanza nikueleze jambo ambalo kwenye barabara yetu hakuna aliyenivumilia nilieleze mpaka mwisho.

Kule kaskazini mwezi wa Januari, upepo ukivuma kutoka kwenye barafu, maji ya bahari yanayorushwa juu ya boti huganda pale pale yanapogusa chuma. Waya mwembamba kama kidole unakuwa mnene kama paja. Wanaume hutoka na mashoka na nyundo kuvunja barafu, usiku na mchana, bila kulala, na wakivunja tani moja tani mbili zinajijenga nyuma yao. Taratibu boti inakuwa nzito juu kuliko chini. Wimbi linailaza ubavu kama lilivyoilaza mara elfu, ila safari hii haiinuki. Wiki ile bandari zote za Iceland zilitangaza hali hiyo. Sauti ya mwisho ya redio kutoka Skeffling ilisema barafu ni nyingi na watu wamechoka. Ndivyo Len alivyokufa, na Ronnie, na wenzao. Alikufa akifanya kazi, mwanangu, na shoka mkononi. Hakuna mtu wa nchi kavu aliyechangia hata tone.

Tena fikiri hivi. Si wote ishirini walionywea kwetu. Wengine walikuwa na baa zao. Lakini asubuhi ile kulikuwa na glasi kumi na moja rafuni kwetu, zote chafu, zote zimetunzwa kwa heshima inayotakiwa. Wenye glasi hizo walikufa saa ile ile na Len. Nilimwuliza Ivy jambo hili mwaka ule. Alinijibu kwamba moja inatosha kuwavuta wote. Huwezi kubishana na hesabu ya namna hiyo, na mama aliyepoteza mwana sioni haja ya kumshinda.

Swali lako nimelisoma, na nimelijibu kadiri ninavyoweza. Nakuomba usiniulize tena. Niambie zaidi juu ya mama yako. "Anakula kidogo kidogo" ni maneno ya mtu anayeficha.

Shangazi yako,
Winifred


Hull
2 Septemba 1975

Shikamoo Shangazi,

Atlasi imefika na barua pamoja. Gail haiweki chini. Ameshapima kwa rula kutoka kwetu mpaka kwako, anasema tungetoboa dunia karibu tungetokea bustanini kwako.

Nitasema bila kuficha maana umenishika. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, nikapewa somo la jiografia. Ni somo zuri. Nililia niliposoma habari ya shoka, na nilifurahi pia, sijui kama unaelewa. Hakuna aliyewahi kuniambia alivyokufa. Walikuwa wananiambia kwa nini tu.

Lakini kuna jambo limetokea. Nilimsomea Mama barua yako. Si yote, nilidhani habari ya barafu itamtuliza, maana tangu aambiwe tunafunga amekuwa mtu mwingine. Alikuwa amelala, macho kwenye dari. Nilipofika pale uliposema glasi kumi na moja, akasema, "Kumi na mbili."

Nikasema, "Shangazi ameandika kumi na moja, Mama."

"Zilitakiwa kumi na mbili."

"Ya kumi na mbili ya nani?"

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hali chakula. Anakunywa chai, basi. Na kikombe akimaliza hataki kichukuliwe. Anavipanga dirishani, chai imekauka ndani. Jana vilikuwa saba. Gail alijaribu kuchukua kimoja aende kukiosha, Mama akamshika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema, "Usioshe! Nani kakutuma uoshe?" Mtoto akatoka analia. Daktari amekuja mara mbili, hakuona ugonjwa. Amesema mtu wa umri huu asipokula hachukui muda mrefu.

Cawood alipanda kumwona, amevua kofia. Akamwambia, "Ada, kula basi, ukifa sasa nani ataniambia mimi ni mlevi?" Mama alitabasamu kidogo. Cawood aliposhuka alikuwa anafuta pua.

Usiku wa juzi nilikaa naye. Nilidhani amelala. Akasema, safi kabisa, kama zamani, "Mwambie Win inatosha." Nikamuuliza nini inatosha. "Mwambie tu. Yeye anajua."

Ninalo wazo kichwani, Shangazi. Sitaliandika, kwa sababu nikiliandika na si kweli nitakuwa nimemtukana mama yangu kwenye kitanda chake cha mwisho. Na nikimuuliza mimi, nikakosea namna, naogopa nitamuua. Mimi naweza kubeba pipa la bia ngazi nzima, ila hili siliwezi. Andika haraka. Safari hii usinielezee kitu.

Noreen


Napier
11 Septemba 1975

Noreen wangu,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Nilipiga simu papo hapo bila kuhesabu saa za kwenu. Najua simu ya baa iko ukutani katikati ya wateja, lakini nilipiga. Cawood ndiye aliyepokea. "Nani? New Zealand? Mama, sisi tunauza bia, hatununui kondoo." Nyuma yake nikasikia Ivy akiuliza ni nani. Nikakata. Hili si jambo la kupigiwa kelele mbele ya Ivy. Basi naandika, na barua itaondoka na ndege ya jioni.

Umeniomba nisieleze. Nitasimulia tu.

Asubuhi ile Len hakunywea kaunta. Wenzake kumi na mmoja walikuwa mbele na Alf, na glasi zao zikawekwa rafuni kama kawaida. Len alikuwa jikoni nyuma, anasubiri teksi, kwa sababu wewe ulikuwa juu unatapika na alitaka kuwa karibu na ngazi. Mama yako alimpa bia nusu glasi na mkate. Walizungumza. Len alimwomba mama yako akuangalie. Teksi ikapiga honi, akaacha glasi mezani katikati ya vikombe vya chai, akatoka. Hakuna aliyempungia mkono, maana desturi yetu inakataza.

Mama yako alikusanya vyombo akaanza kuosha. Mimi nilikuwa nafuta. Alikuwa anaongea habari ya mtoto atakayezaliwa, amefurahi, mikono inakwenda yenyewe. Akanipa kikombe, akanipa kikombe, akanipa glasi. Nilikuwa nimeshaifuta alipotambua. Sijaona uso wa namna ile tena. Aliishika meza.

Na mimi, Noreen, nilicheka. Hili ndilo nililoshindwa kuandika mara saba. Nilicheka nikamwambia, "Haya wifi, sasa tutaona nani mkweli, wewe na glasi yako au mimi na vitabu vyangu." Nikaiweka kabatini mwenyewe. Wiki zote tatu zilizofuata alikuwa akiniangalia mezani, hasemi, na mimi nikimkonyeza.

Wiki tatu baadaye wanawake walijaa baa, Ivy mbele yao, na akauliza nani aliosha. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako, amekushika mabega, sababu ulikuwa huwezi kusimama peke yako. Nilimwona anafungua kinywa. Nikasema, "Mimi."

Wote waliniamini mara moja. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimewacheka miaka ishirini. Uongo ule haukuhitaji hata kupambwa. Usiku alikuja chumbani kwangu akataka kuwaambia. Nikamwapisha asiseme. Ulikuwa na miaka ishirini na nne, na mtoto tumboni, na hukuwa na mume. Ulihitaji mama usiyemchukia. Shangazi ungeweza kumkosa. Niliona ni hesabu rahisi, na niliona pia kwamba nastahili, kwa kile kicheko. Kabla Gail hajazaliwa nikaenda kufanya kazi mbali kadiri ramani inavyoruhusu.

Sasa naona hesabu ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Nilidhani nimembebea mzigo. Kumbe nilimnyang'anya kinywa. Mtu akikosea mbele ya watu, watu humfokea, humlilia, mwisho humzoea. Hata Ivy angemzoea. Wamesuka nyavu pamoja tangu wasichana. Ada hakufokewa na mtu. Amekaa na jambo lile peke yake miaka kumi na sita, juu ya baa ile ile, akisikia jina langu likitukanwa chini na kujua ni lake. Halafu mkamwambia baa inafungwa. Nadhani ameona kwamba watu pekee ambao angeweza kuwaambia wanatawanyika, na muda unakwisha.

Alivyosema "inatosha" amenifungua kiapo, nami namfungua chake.

Utakuwa na hasira. Uwe nayo. Kama utaona huwezi kumkasirikia aliye kitandani, niletee mimi; nimezoea, na huku kuna nafasi. Kuhusu kuja kwangu Novemba, tutazungumza baadaye, baada ya hili. Gail mweleze yote. Ivy mwache mama yako aamue mwenyewe, akipata nguvu.

Barua hii itachukua siku nane na sijui utakuwa umefikia wapi na vikombe. Kwa hiyo usiisome mara ya pili. Usimwite daktari kwanza, wala usinijibu. Panda kwake leo, kabla hujafungua mlango wa baa, umwambie kwamba unajua.

Shangazi yako,
Winifred